Tangu 1941: Wiki Moja Mezani kwa Wamarekani Weusi, Houston hadi Atlanta

Daftari nililoandikia safari hii ni lile lile la mgahawa. Kurasa za mbele kuna madeni ya wateja na bei za nazi, kurasa za nyuma kuna Marekani. Nimekaa nalo wiki tatu tangu nirudi Tanga, pamoja na picha za simu, nikapanga siku moja baada ya nyingine.

Mimi ni mama lishe, mwaka wa 22 huu, Ngamiani. Kaka yangu anaishi Houston na mkewe, mzaliwa wa Mombasa. Kaka hakuwa na nafasi kazini, ila wifi alikuwa na likizo ya wiki na gari lake. Ndiye aliyeniambia, "Wifi, wewe mtu wa jikoni, nikupeleke kuona maghorofa ya nini? Twende ukawaone wenzako." Wenzangu aliokusudia ni Wamarekani weusi wenye migahawa kule kusini, wapishi wa chakula ambacho wenyewe wanakiita chakula cha roho. Hadi sheria ya haki za raia ya 1964, mtu mweusi alikuwa akifukuzwa mlangoni kwenye migahawa ya wazungu, au anauziwa kwa dirisha la nyuma. Waliofungua milango ni hao. Baadhi ya milango hiyo ipo hadi leo, na mingi mwanzilishi wake ni mwanamke na sufuria yake.

Jambo moja kabla sijaanza. Sisi ni Waislamu, na chakula cha roho kina nguruwe hata pale usipomdhania: ndani ya majani, ndani ya kunde, ndani ya mchuzi. Kuku na nyama nyingine nazo si za kuchinjwa kwetu. Tukakubaliana tangu mwanzo tushike samaki, kamba na mboga, na kila mahali tuulize. Hakuna hata mmoja aliyetukunjia uso.

Siku ya 1, Jumatatu 14 Oktoba 2024: Houston – New Orleans

Tulitoka saa moja asubuhi. Kwa barabara kuu namba 10 ni kama kilomita 560, saa sita kama hakuna kikwazo. Kikwazo kilikuwepo. Kuna daraja juu ya kinamasi cha Atchafalaya, Louisiana, urefu wake unakaribia kilomita 29, na lori lilikuwa limelala mbele yetu. Ukishaingia darajani huna pa kuchepukia. Tulikaa saa mbili tukitazama miti iliyosimama majini, yenye majani ya kijivu yanayoning'inia kama nyuzi za mkonge anikoni. Dereva wa gari la jirani, mzee mweusi mwenye kofia, alishuka akagawa maji ya chupa kwa magari matano hivi, letu likiwemo. Alikataa hela.

Tuliingia New Orleans saa kumi na moja jioni. Wifi alikuwa ametafuta chumba kwenye nyumba ya bibi mmoja mweusi, mtaa wa Seventh Ward, dola 95 kwa usiku (wakati huo dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,700). Tuliwaza kula gumbo, mchuzi mzito wa mji ule, usiku ule ule, lakini sehemu mbili tulizoziendea zilikuwa zimefungwa. Tukala mkate na samaki wa kopo.

Kwa wanaofuata: migahawa mingi ya kifamilia kule hufunga Jumatatu, na mingine huuza mchana tu. Panga safari kwa kufuata siku zao, na upige simu kabla hujatoka.

Siku ya 2, Jumanne: New Orleans

Asubuhi tulitembea kwa miguu kupitia barabara ya Claiborne. Zamani hii ilikuwa barabara ya maduka ya watu weusi, imepandwa mialoni katikati. Miaka ya 1960 mialoni ikakatwa, na juu yake ikapitishwa barabara ya magari ya nguzo. Leo unatembea chini ya zege, magari yananguruma kichwani. Kwenye nguzo watu wamechora picha za miti ile iliyokatwa.

Kutoka hapo si mbali kufika Dooky Chase, mtaa wa Tremé. Mgahawa huu ulianza 1941. Mwaka 1946 Leah Chase aliolewa katika familia hiyo, na taratibu akaugeuza kutoka kibanda cha mikate na vinywaji kuwa ukumbi wenye vitambaa vyeupe mezani, kwa sababu alitaka mtu mweusi naye akae, ahudumiwe kwa heshima. Wakati huo sheria ilikataza weusi na weupe kula meza moja. Leah aliwapandisha ghorofani pamoja, viongozi wa harakati za haki za raia na wenzao weupe, akawapa gumbo na kuku, wakapanga mambo yao. Alipika hadi uzeeni kabisa; alifariki 2019 akiwa na miaka 96. Jikoni sasa wapo wajukuu.

Ukumbini kuta zimejaa picha za wachoraji weusi. Leah alizinunua na kuzitundika enzi ambazo makumbusho mengi hayakuwa na habari na wachoraji hao. Na yeye mwenyewe alichorwa: Gustave Blache III alimchora akikata maboga, na picha hiyo iko Washington, katika Makumbusho ya Taifa ya Picha za Watu. Nilipoelezwa hivyo niliomba nirudiwe. Si akipokea tuzo, wala hakuvalishwa dhahabu. Anakata maboga, na taifa limemtundika ukutani.

Niliagiza kambare wa kukaanga. Watu wa pwani kambare hatumthamini, tunamwona samaki wa matope, lakini huyu alikuwa amevikwa unga wa mahindi mkavu, chumvi yake imeingia hadi ndani, ukimvunja anatoa mvuke na nyama inaachana vipande vyeupe. Wifi alichukua kamba. Gumbo ya pale inatiwa soseji ya nguruwe, kwa hiyo sisi tulibaki na harufu. Mhudumu alipoona ninavyolichungulia bakuli la meza ya pili, alienda jikoni akarudi na kijikaratasi alichoandikiwa na mpishi, vyakula vyote vya siku ile visivyo na nguruwe, kimoja kimoja. Ninacho hadi leo ndani ya daftari.

Mwenye lile bakuli alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu. Alikuwa akila hapo tangu utotoni, akatusimulia mafuriko ya kimbunga Katrina, 2005, maji yalivyoingia ukumbini, na Leah alivyoishi kwenye trela ng'ambo ya barabara akisubiri mgahawa utengenezwe. Walifungua tena 2007. Kisha akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia nina mgahawa Tanga, Tanzania, miaka 22.

"Na kabla yako?"

"Bibi yangu aliuza vitumbua."

"Tangu lini?"

Sikuwa na jibu. Mwaka 1941 umeandikwa mlangoni mwa mgahawa ule, kwenye karatasi ya vyakula, kwenye fulana ya mhudumu. Mimi sikujua hata muongo ambao bibi yangu aliinjika kikaango chake kwa mara ya kwanza. Niliandika lile swali daftarini, nikalipigia mstari mara mbili.

Bili ya watu wawili, pamoja na chai ya baridi yenye sukari nyingi, ilifika dola 62. Juu yake weka bakshishi. Kule bakshishi ya asilimia 18 hadi 20 ndiyo mshahara wa mhudumu, usipoitoa umemdhulumu.

Alasiri tulikwenda Congo Square, ndani ya bustani ya Louis Armstrong. Jumapili watumwa walipata mapumziko, wakakusanyika pale wakapiga ngoma, wakauza na kununua vyakula. Ni uwanja wa mawe yaliyopangwa kwa mviringo chini ya miti mikubwa. Tulikaa tu. Wifi alisoma Fatiha.

Jioni bibi mwenye nyumba alipojua kuwa tumeikosa gumbo alituita jikoni kwake. "Njooni wanangu, hamtaondoka mji huu bila gumbo." Akapika ya bamia, kamba na kaa, bila nguruwe. Hapo ndipo nilipokuwa nyumbani kabisa. Vichwa na magamba ya kamba hakutupa, alivichemsha pembeni vikatoa supu ya rangi ya machungwa. Bamia alizikaanga kwanza peke yake, akizigeuza hadi ule mlenda ukakatika. Kisha kitunguu, selari na pilipili hoho, nyanya, majani makavu ya kunukia, supu ya magamba, kaa wamekatwa katikati, na kamba mwisho kabisa wasije wakakakamaa. Juu ya wali mweupe. Nilikula bakuli mbili.

Neno lenyewe, gumbo, wataalamu wa lugha wanalirudisha kwenye lugha za Kibantu za Angola, ambako *kingombo* ni bamia. Nimelifikiria sana jambo hili. Sisi Wabantu wa pwani tunaiita bamia kwa neno la Kiarabu, na wao, waliovushwa bahari kwa minyororo, wameshika neno la Kibantu karne tatu, limekuwa jina la chungu kizima.

Siku ya 3, Jumatano: New Orleans – Montgomery, Alabama

Usiku ule nilikuwa nimemweleza bibi yule habari za vitumbua. Akanyamaza, akauliza, "Ni vya mchele?" Nikamwambia ni vya mchele. Akachukua wali uliobaki kwenye sufuria, akauponda kidogo kwa mwiko, akautia hamira na maji ya uvuguvugu, akaufunika kwa taulo.

Saa kumi na mbili asubuhi alitugongea. Wali ulikuwa umeumuka, una harufu ile ile ya kinu changu saa kumi na moja alfajiri. Akaongeza mayai, sukari, unga wa ngano kidogo, chumvi, akakuna kungumanga. Kwenye mkoba wangu kila ninakokwenda nina kifuko cha iliki; nikakitoa, akanipa chembe za kuponda. Tukagawa bakuli mbili, moja ya kungumanga, moja ya iliki. Yeye hana kikaango cha vishimo. Anachota kwa kijiko na kudondosha kwenye mafuta mengi, kinazama, kinarudi juu kinazunguka chenyewe, kimevimba, ukikiangalia vizuri unaziona punje za wali pembeni zimegeuka dhahabu. Kisha sukari ya unga juu yake, na kahawa. Vinaitwa calas.

Tukiwa tunakula akatusimulia, na baadaye nilikuta ni historia inayojulikana. Karne ya 18 na ya 19 wanawake weusi walitembea mitaa ya New Orleans na vikapu vya calas kichwani wakiita kwa Kifaransa kuwa ni nzuri na za moto. Wengine walikuwa watumwa. Louisiana ilipokuwa chini ya Wahispania, sheria yao ilimruhusu mtumwa kujinunua akipata bei yake. Kuna waliojinunua kwa hela ya calas. Kimoja kimoja, mpaka mtu ametoka na hati yake, na wengine wakawanunua watoto wao.

Nilimwambia bibi kwamba mama yangu amesomeshwa kwa vitumbua. Akanishika mkono, wake ukiwa na unga. Bakuli la iliki ndilo lililokwisha kwanza. Nikamwachia kifuko chote. Malipo ya gumbo na calas hakutaka. Tulimwachia dola 40 chini ya kopo la sukari, na tukiwa njiani akampigia wifi kumgombeza.

Kutoka hapo hadi Montgomery ni kama kilomita 500, misitu ya misonobari mtindo mmoja. Kilichotusimamisha ni kibao cha karanga za kuchemsha, Alabama, kandokando ya barabara. Mzee na jiko la gesi na pipa, anachota karanga na maganda yake na maji ya chumvi, anatia kwenye mfuko. Dola 6. Ni zile zile za stendi ya Tanga. Karanga kule kusini zina jina la mtaani, *goober*, nalo asili yake ni *nguba* ya Kikongo. Tulikula mpaka vidole vikakunjamana.

Montgomery tulifika magharibi. Chumba dola 88.

Siku ya 4, Alhamisi: Montgomery

Wote tunalijua jina la Rosa Parks, aliyekataa kumpisha mzungu kiti cha basi tarehe 1 Desemba 1955. Siku nne baadaye watu weusi wa mji huu walianza kugoma kupanda mabasi, wakagoma siku 381. Mtu mzima anatembea kilomita kwa kilomita kwenda kazini, mwaka mzima, hata mvua inyeshe. Wenye magari waliwabeba wenzao bure, na magari yanataka mafuta, yanataka matairi. Hela ilitoka wapi?

Sehemu yake ilitoka jikoni kwa Georgia Gilmore. Alikuwa mpishi na mkunga, mama wa watoto wengi. Aliwakusanya wanawake wenzake wakapika sandwichi za kuku, keki, pai, wakauza saluni, wakauza mlango kwa mlango. Kikundi wakakiita Klabu Isiyotoka Kokote, kwa sababu mtu akiuliza pesa hizi zimetoka wapi, jibu ni kwamba hazikutoka kokote. Hivyo hata aliyechangia akiwa mtumishi wa mzungu hakuweza kugundulika. Kila wiki Georgia alisimama kwenye mkutano kanisani akasoma kiasi walichopata, na watu wakapiga miguu sakafuni. Alipotoa ushahidi mahakamani katika kesi ya Martin Luther King, kiongozi wa mgomo, kazi yake ya upishi ikaisha. King akamwambia afungue biashara yake nyumbani, akamsaidia mtaji wa vyombo. Tangu hapo King mwenyewe, wanasiasa, mawakili na wenye vibarua walibanana mezani kwa Georgia.

Nyumba iko mtaa wa Dericote, ndogo, ya matofali, na mbele yake kuna kibao cha kumbukumbu. Mtaa umetulia, hakuna wa kukutembeza. Nilisimama pale muda mrefu. Mwaka ule ule, 1955, Bibi Titi Mohamed alikuwa akizunguka Dar es Salaam kwenye vikundi vya lelemama kuwaingiza wanawake TANU. Wanawake ambao hawakuwa na shahada wala ofisi, wana ngoma zao na vibiashara vyao. Georgia na Titi hawakuwahi kujuana. Nani aliyekwisha kukaa akahesabu senti zilizotoka kwenye sinia za vitumbua zikaingia kwenye kadi za chama? Bibi yangu alikuwa na kadi. Hilo nalijua, kwa sababu ilikuwa kwenye kopo moja na shanga zake.

Georgia alifariki Machi 1990. Siku hiyo alikuwa akipika chakula cha waandamanaji wa kuadhimisha miaka 25 ya maandamano ya Selma, yale ya kudai haki ya kupiga kura. Watu walipokuja msibani familia ilipakua kile kile alichokipika.

Baada ya hapo tulikwenda Makumbusho ya Urithi, yanayoeleza utumwa hadi magereza ya leo. Kiingilio dola 5 na tikiti hiyo inakufikisha hadi kwenye ukumbusho wa walionyongwa na makundi ya wazungu: zaidi ya nguzo 800 za chuma chenye kutu, kila nguzo wilaya moja, zimening'inizwa. Usiende na mtoto mdogo, na usipange kitu kizito baada yake. Hapo hapo makumbusho kuna mgahawa wa familia, Pannie-George's Kitchen, uliopewa majina ya babu na bibi wa wenyewe. Waliouweka pale wameona mbali. Unatoka ndani ya yale mambo miguu haina nguvu, na unakuta mama wa kijiko anakuuliza, "Nikupakulie nini, mpenzi?"

Siku hiyo majani yao yalitiwa bata mzinga wa moshi badala ya nguruwe. Wifi alisema yeye ameshamaliza kuuliza maswali ya nyama kwa siku hii, akachukua viazi vitamu vya sukari, makaroni ya jibini na mkate wa mahindi, akaniachia mimi kambare. Ila aliyainamia majani ya jirani akayanusa. "Wifi, hii ni sukuma wiki." Ni kweli, ni mmea mmoja, ila wao wanaupika saa nzima na zaidi hadi unalegea kabisa, na ule mchuzi wa chini wanaunywa au wanauchovyea mkate. Sisi tunaikatakata nyembamba na kuitoa motoni ikiwa bado kijani. Nilijaribu ya kwao bila nyama niliporudi Houston. Inataka siki na pilipili, na inataka subira.

Chakula cha wawili: dola 34.

Siku ya 5, Ijumaa: Montgomery – Atlanta

Tulitaka kuwahi sala ya Ijumaa Atlanta. Tukatoka saa tatu, safari ya saa mbili na nusu, tukajiona tuna muda mwingi wa kusimama kunywa chai. Tulipovuka mpaka wa Georgia saa ya simu ikaruka mbele saa nzima. Saa za Alabama na za Georgia hazifanani! Anayesafiri njia hii aiandike mkononi. Foleni ya kuingia Atlanta nayo ikatukaribisha. Tulifika msikitini khatibu ameshapanda mimbari.

Msikiti huo uko mashariki mwa mji, ni wa Waislamu weusi wa Marekani, wengi wao wakiwa watu ambao wazee wao walianzia kwa Elijah Muhammad, kiongozi wa kundi la Nation of Islam, kisha wakamfuata mwanawe, Imamu W. D. Mohammed, katika Uislamu wa Sunni. Baada ya sala, nje kuna meza za wauzaji kama Ijumaa yoyote ya kwetu: manukato, kofia, samaki wa kukaanga. Na pai ya maharage.

Elijah Muhammad aliwakataza wafuasi wake nguruwe na vyakula vingi walivyovizoea, akawasifia maharage madogo meupe. Kina mama wakatafuta namna ya kuyapenda. Wakayasaga yakawa laini kama uji wa mtoto, wakatia mayai, maziwa, siagi, sukari na mdalasini, wakaoka ndani ya chapati ya pai. Nilinunua ndogo, dola 4, kwa mama mwenye ushungi wa zambarau. Kwa juu ina ngozi ya kahawia inayong'aa, ndani ni laini, hujui kuwa ni maharage mpaka uambiwe. Mtu anayekula tambi za sukari hashangazwi na utamu kukaa mahali asipoutarajia. Alipojua tumetoka wapi alituongezea mbili za bure, akasema za musafiri. Alisema hivyo hivyo, *musafir*.

Alasiri tukaenda Busy Bee. Lucy Jackson aliufungua 1947, barabara ambayo sasa imepewa jina la Martin Luther King, karibu na vyuo vya weusi. Kaukumbi kadogo, mstari unatoka hadi nje. Tulisimama dakika 50. Mbele yetu kijana wa chuo akatuelekeza cha kuagiza, akatushikia nafasi wifi alipokwenda kulipia maegesho. Tulikula samaki, viazi vitamu na kobla ya mapichi, yaani mapichi yaliyopikwa kwa sukari na kufunikwa unga juu. Viazi vilikuwa vitamu mno kwangu. Samaki hakuwa na kasoro. Mwenye mgahawa sasa naye ni mwanamke, Tracy Gates, na 2022 walipewa tuzo ya James Beard, ile inayotolewa kwa migahawa ya muda mrefu inayopendwa na watu wa mahali pake. Dola 51.

Siku ya 6, Jumamosi: Atlanta, kisha kurudi

Soko la Manispaa la Atlanta, karibu na barabara ya Auburn, watu wanaliita soko la ukingoni. Jengo ni la 1924. Enzi za ubaguzi wauzaji weusi hawakuruhusiwa ndani. Waliuzia ukingoni mwa barabara, na jina hilo ndilo lililobaki. Ndani nilikuta mafungu ya majani, bamia, viazi vitamu, na kunde zetu zenye jicho jeusi, ambazo wao lazima wale siku ya mwaka mpya ili mwaka uwe na riziki. Nilimuuliza muuzaji bei kwa mazoea tu, akaniuliza napikaje. Nikamwambia nazi. Akaita mwenzake wa meza ya pili aje asikilize.

Mchana, Paschal's. Ndugu wawili, James na Robert Paschal, waliuanza 1947. Mwanzoni hawakuwa na jiko dukani wala gari, Robert anapika nyumbani na chakula kinapelekwa kwa teksi. Kila mama lishe anayepika uani na kupeleka hotpoti stendi kwa bodaboda anawaelewa. Miaka ya 1960 walifungua hadi usiku wa manane wakiwalisha wazazi waliokuwa wakingoja watoto wao watoke mahabusu baada ya maandamano. Mgahawa umehamia jengo jipya tangu 2002, lina nafasi, bei yake pia imepanda. Nilikula kidogo, nilikuwa nimeshiba wiki nzima.

Tulirudi Houston Jumapili, karibu kilomita 1,280 kwa siku moja, tukibadilishana hadithi ili wifi asisinzie. Mafuta ya safari yote yalikula kama dola 170.

Tanga

Nilipofika, jambo la kwanza baada ya salamu nilimuuliza mama: bibi alianza lini kuuza vitumbua? Akasema zamani. Nikamwambia zamani ipi. Akakaa kimya, akaanza kuhesabu kwa vidole. Babu alikuwa ameshaacha kazi kwenye shamba la mkonge. Mjomba alikuwa hajazaliwa. "Mimi nilikuwa darasa la tatu, maana ndiye mimi niliyekuwa napeleka sinia stesheni ya treni kabla ya kengele, na mwalimu akinichapa kwa kuchelewa." Tukatafuta cheti chake cha shule, tukahesabu nyuma. 1958.

Fundi wa vibao alikuja Jumamosi iliyopita. Nilimpa picha pekee ya bibi tuliyonayo, ameinama juani na kikaango, uso hauonekani vizuri, mkono tu na kijiti cha kugeuzia. Akaniuliza kama sina nyingine nzuri zaidi. Nikamwambia hiyo hiyo. Ameichora juu ya mlango, na chini yake kwa rangi nyekundu, *Vitumbua, tangu 1958*. Mama alikuja na kiti chake, akakaa ng'ambo ya barabara kutazama, na saa kumi na mbili jioni alikuwa bado yupo pale, akimweleza kila anayepita kwamba mtoto wa sinia alikuwa yeye.